Sura ya 5: Anajua Herufi Zote, Mbona Anasoma Polepole?

Hakuna kikao cha wazazi kinachopita bila mtu kuuliza swali hili. Mtoto anazijua herufi zote, silabi anaziunganisha, na akipewa muda hakosei neno. Mbona basi aya moja inamchukua muda ambao mwenzake wa dawati lilelile anatumia kumaliza ukurasa? Majibu yanayotolewa harakaharaka ni mawili: mtoto ni mvivu, au kichwa chake ni kizito. Kwa watoto wengi wa namna hii majibu yote mawili si kweli, na mtoto anayeyasikia kila siku mwishowe huyaamini.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika uwezo ambao shule nyingi haziupimi, nao ni kasi ya kutaja. Maana yake ni wepesi wa kuona kitu kinachofahamika vyema na kukitaja jina, kisha kinachofuata, kisha kingine, mfululizo bila kusita. Vitu vyenyewe ni vya kawaida kabisa: rangi, picha za vyombo vya nyumbani, tarakimu, herufi. Kabla ya kuanza, mpimaji huhakikisha kwamba mtoto anayajua majina yote. Kinachohesabiwa baada ya hapo ni sekunde.

Karatasi moja, vitu hamsini

Habari hii ilianzia hospitalini. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza hali ya mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kusoma kwa ghafla baada ya sehemu ya ubongo wake kukosa damu. Mgonjwa huyo aliongea vizuri na kuandika vizuri, lakini alishindwa kusoma hata maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Macho yalikuwa yanaona na lugha ilikuwepo. Kilichokatika ni njia iliyoviunganisha.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, mwaka 1965, Norman Geschwind, daktari wa mfumo wa neva mjini Boston, aliirudia habari hiyo na kuongeza jambo moja. Baadhi ya wagonjwa wa aina hii hushindwa pia kutaja rangi, ingawa wanaziona na kuzipambanua. Geschwind aliona kwamba kutaja rangi na kusoma ni kazi zinazofanana: jicho linapokea alama, na ubongo unatafuta neno lake. Akapendekeza kwamba huenda mtoto mdogo, kabla hajafundishwa herufi hata moja, akaonyesha kwa kutaja rangi tu kama yuko tayari kusoma.

Wazo hilo lilifanyiwa kazi na Martha Denckla, daktari wa neva za watoto. Watoto wenye shida ya kusoma walizijua rangi vizuri, ila walichelewa kuzitaja. Kwa hiyo tofauti ilikuwa katika muda. Mwaka 1974 na 1976 Denckla na mwenzake Rita Rudel walichapisha jaribio ambalo limebaki karibu na umbo lake la mwanzo hadi leo. Vitu vitano hurudiwarudiwa bila mpangilio maalumu hadi kufika 50, vikiwa vimepangwa katika mistari 5 yenye vitu 10 kila mmoja. Kuna karatasi nne: ya rangi, ya picha (kitana, ufunguo, saa, mkasi na mwavuli), ya tarakimu 2, 4, 6, 7 na 9, na ya herufi a, d, o, p na s. Mtoto huambiwa ataje vyote kuanzia juu kushoto, haraka kadiri awezavyo bila kukosea, na saa ya kuhesabia sekunde huanza kukimbia.

Mtu mzima aliyezoea kusoma humaliza karatasi ya herufi kwa sekunde 20 hivi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhitaji mara mbili ya muda huo, hata zaidi, na hilo si tatizo. Tatizo huanza pale mtoto anapoachwa mbali na watoto wa umri wake na wa darasa lake.

Mtoto anayechelewa hana dalili za kustaajabisha. Anaanza vizuri, mstari wa kwanza unakwenda. Kwenye mstari wa pili anafika kwenye herufi aliyoitaja mara tatu tayari, anaitazama, midomo inajiweka sawa, na sauti haitoki. Sekunde inapita. Halafu anaitaja, kwa usahihi kabisa, na kuendelea mpaka mkwamo unaofuata. Mwisho wa karatasi hana kosa hata moja. Mwalimu anayehesabu makosa angempa alama zote.

Yanayotokea kabla ya sauti kutoka

Kutaja herufi moja huonekana jambo dogo, lakini ndani yake mna kazi kadhaa zinazopaswa kufuatana kwa wakati:

- jicho kutua kwenye alama na umakini kubaki hapo;
- ubongo kulitambua umbo, yaani kujua kwamba hii ni d wala si b;
- kutafuta jina au sauti yake katika kumbukumbu;
- kuandaa ulimi, midomo na pumzi kwa ajili ya kutamka;
- kuiachia alama iliyopita, na papo hapo kuyapeleka macho kwenye ijayo.

Kazi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Watafiti wamelinganisha namna mbili za kupima. Katika ya kwanza, mtoto huonyeshwa kitu kimoja peke yake kwenye kioo cha kompyuta, anakitaja, kinaondoka, kinakuja kingine. Katika ya pili, vitu vyote viko mbele yake kwenye karatasi. Kwa wasomaji waliokwisha kuanza kusoma vifungu, ni namna ya pili, ya mfululizo, inayohusiana zaidi na kasi yao ya kusoma. Sababu ni kwamba katika mfululizo kazi hupandana: mdomo unatamka herufi ya tatu wakati jicho limeshafika kwenye ya nne na ubongo unaitafutia jina. Fundi wa cherehani hufanya hivyohivyo, sindano ikishona hapa huku vidole vimeshanyoosha kitambaa kitakachoshonwa baadaye kidogo. Kusoma sentensi ni kazi ya namna hiyo tangu neno la kwanza hadi nukta.

Ndiyo maana kipimo kidogo kama hiki hubashiri mengi. Karatasi ile ni kama kusoma kulikopunguzwa hadi kubaki mifupa: hakuna maana ya kufuatilia wala sarufi, na hakuna neno geni. Kilichobaki ni jicho na ulimi kwenda pamoja.

Kasi hii hukua vipi

Watoto wa miaka minne au mitano, ambao hawajaanza kusoma, hupimwa kwa rangi na picha, kwa kuwa herufi bado ni ngeni kwao. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya shule mambo hugeuka. Herufi na tarakimu, zilizokuwa nzito, huwa nyepesi kuliko rangi na picha, na hubaki hivyo maisha yote. Herufi ni chache, hurudiwa kila siku, na kila moja ina jina lake. Picha ya kikombe inaweza kuitwa kikombe, kopo au bilauri, na ubongo hupoteza muda kuchagua.

Kasi huongezeka upesi katika miaka ya mwanzo ya shule, kisha ongezeko hupungua mtoto anapoelekea ujanani. Mpangilio wa watoto, hata hivyo, haubadiliki sana. Aliyekuwa mwepesi akiwa na miaka mitano kwa kawaida hubaki miongoni mwa wepesi, na aliyekuwa mzito huongeza kasi kila mwaka huku wenzake nao wakiongeza.

Je, si kwamba watoto wanaosoma sana ndio wanaozoea herufi na hivyo kuzitaja haraka? Kwa kiasi fulani ndivyo, hasa kwa herufi na tarakimu: kusoma kunaongeza kasi ya kutaja. Lakini habari haiishii hapo. Watoto waliopimwa kwa rangi na picha kabla ya kufundishwa kusoma, nchini Norwe na kwingineko, walifuatiliwa kwa miaka, na ile kasi yao ya mwanzo ilibashiri wepesi wao wa kusoma baadaye. Kwa watoto hao kusoma hakuwezi kuwa chanzo, kwa sababu kulikuwa bado hakujaanza.

Uzito wa uhusiano huo nao uelezwe kwa kipimo chake. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya tafiti zaidi ya 130 za lugha mbalimbali. Kwa mizani ambayo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kupishana, kasi ya kutaja na uwezo wa kusoma zilipata wastani wa 0.43. Kwa hesabu za wanatakwimu, hiyo ni chini kidogo ya sehemu moja kwa tano ya tofauti zote zilizopo kati ya wasomaji. Ni kiasi kikubwa kwa kipimo cha chini ya dakika tano. Hata hivyo sehemu nne nyingine zipo mahali pengine, na yeyote anayemhukumu mtoto kwa karatasi hii peke yake amekwenda mbali kuliko ushahidi unavyomruhusu.

*Kwa kifupi: kasi ya kutaja hupima muda wa kuunganisha kinachoonekana na neno lake. Huonekana kabla ya shule, hukua na umri, huongezwa kiasi na kusoma kwenyewe, na hubashiri wepesi wa kusoma zaidi kuliko inavyobashiri usahihi.*

Shida mbili ambazo huchanganywa

Kwa miaka mingi shida ya kusoma ilielezwa kwa sababu moja, udhaifu katika utambuzi wa sauti. Utambuzi wa sauti ni uwezo wa kusikia kwamba neno limejengwa kwa vipande na kuvichezea vipande hivyo. Mtoto anaulizwa: *kalamu* ukiondoa *ka* inabaki nini? Mwenye utambuzi mzuri hujibu *lamu* bila kusita, hata kama hajawahi kuusikia mji wa Lamu. Mwenye udhaifu hubahatisha, au hutaja neno lingine kabisa.

Mwaka 1999 Maryanne Wolf na Patricia Bowers walitoa hoja kwamba sababu ziko mbili, na kwamba zinaweza kukaa mbalimbali. Wako watoto wenye udhaifu wa sauti tu: hawa hukosea maneno. Wako wenye udhaifu wa kasi tu: hawa husoma sawasawa lakini kwa kujikokota. Na wako wenye vyote viwili, ambao hali yao ndiyo ngumu kuliko zote. Wataalamu wanaendelea kujadiliana kama mambo haya mawili yanatengana kabisa, kwa kuwa kutafuta jina katika kumbukumbu nako ni kutafuta sauti. Kwa mwalimu, mgawanyo huu una faida isiyosubiri mjadala uishe. Unamwonyesha mtoto wa kundi la pili, ambaye vipimo vya kawaida havimwoni.

Hapa ndipo linapoingia neno disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika kwa mtoto ambaye amefundishwa vya kutosha na hana upungufu wa akili, wa kuona wala wa kusikia. Kasi ndogo ya kutaja ni mojawapo ya dalili zake zinazojirudia katika lugha nyingi. Peke yake haitoshi kumpa mtoto jina hilo.

Lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa

Utafiti mwingi wa mwanzo ulifanywa kwa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni mtego. Herufi zilezile husomwa hivi katika neno hili na vile katika neno lile, na mtoto huhitaji miaka kadhaa ili aache kukosea. Katika lugha hiyo ni rahisi kuona kwamba shida ya kusoma ni makosa.

Heinz Wimmer alipowachunguza watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993, picha ilikuwa tofauti. Tahajia ya Kijerumani ina utaratibu zaidi. Watoto wenye disleksia walisoma kwa usahihi wa kutosha, hata maneno ya kubuni wasiyowahi kuyaona. Walichokosa ni kasi, na kasi ya kutaja ndiyo iliyowatofautisha vizuri na wenzao.

Kiswahili kimekwenda mbali zaidi katika utaratibu huo. Irabu ni tano na kila moja ina sauti moja. Mtoto akishika *ba be bi bo bu* na ndugu zake, akazoea *ng', ny, ch, sh, dh, gh* na *th*, anaweza kutamka karibu neno lolote lililoandikwa, hata lile asilolijua maana. Ni neema kubwa kwa anayeanza, ila inaficha kitu. Mtoto mwenye kasi ndogo naye atafika kwenye neno sahihi, maana njia haina mtego. Atafika tu amechelewa. Katika darasa la wanafunzi 80, mwalimu anapopita dawati kwa dawati kusikiliza neno mojamoja, mtoto huyu huhesabiwa kuwa amejua kusoma.

Halafu urefu wa maneno unamzidishia mzigo. Kiswahili hubebesha neno moja mtenda, wakati, mtendwa na mazingira ya tendo: *tutakapowatembelea* ina silabi tisa, na msomaji wa kukata silabi akifika kwenye *-lea*, ile *tutaka-* ya mwanzo imeshaanza kumponyoka. Kwa sababu hiyo maneno kwa dakika hayalinganishwi moja kwa moja kati ya lugha na lugha. Kenya ilipoweka viwango vya kusoma kwa ufasaha katika madarasa ya chini, ilichukua maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ni ya haki, maana neno la Kiswahili hubeba zaidi.

Kasi yenyewe si pambo. Ubongo una nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Nafasi hiyo ikitumika yote kuunganisha silabi, haibaki ya kufuatilia nani alimfanyia nani nini. Mtoto husoma hadithi ya sungura na fisi bila kosa, na akiulizwa fisi alinaswa wapi, hajui. Alikuwa anasoma.

Jaribio haliazimwi kama lilivyo

Kumpima mtoto wa Kiswahili kwa karatasi iliyotengenezwa Marekani, kisha kulinganisha sekunde zake na za watoto wa huko, ni kumdhulumu. Tarakimu zinatosha kuonyesha. Katika Kiingereza, tarakimu nne kati ya tano za karatasi ile zina silabi moja tu. Kwa Kiswahili zote tano zina silabi mbili, na kati yake kuna 6 na 9, umbo moja lililopinduliwa, ambazo pia hutamkwa *sita* na *tisa*, sauti zilezile zilizopangwa upya. Hata mtu mzima ulimi humteleza hapo. Mtunzi mwangalifu ataondoa mojawapo.

Rangi nazo zina mitego yake. Mtoto husita kati ya *njano* na *manjano*, kati ya *bluu*, *buluu* na *samawati*, na kusita huko hakuhusiani na uzito wa ubongo wake. Ni afadhali zitumike picha za vitu vyenye jina moja lisilo na mpinzani katika eneo husika, na majina yenyewe yawe na urefu unaokaribiana: *kuku, meza, jicho, mbuzi, nyumba*.

Herufi ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu shule hazikubaliani jinsi ya kuziita. Wapo wanaofundishwa sauti tu, wapo wanaosema *a, be, che, de*, na wapo waliotoka chekechea za Kiingereza wakiwa na *ei, bii, sii*. Mtoto aliyepitia njia mbili hulazimika kuchagua kila mara. Vivyo hivyo kwa anayehesabu kwa Kiingereza shuleni na kwa lugha ya mama nyumbani. Apimwe kwa lugha ambayo majina hayo humjia yenyewe, na alinganishwe na watoto wa mahali pake na darasa lake. Anayesoma Kiarabu madrasani asubuhi na Kiswahili shuleni mchana aonyeshwe kwa kidole mstari unaanzia upande gani, kwa kuwa macho yake yamezoea pande zote mbili. Na kabla ya yote yapimwe macho na masikio.

Je, kasi hufundishika?

Mzazi akisikia habari hii hukimbilia kutengeneza kadi za rangi na kumtajisha mtoto kila jioni akiwa na saa mkononi. Juhudi hiyo haizai sana. Watoto wa Uholanzi waliozoezwa kutaja herufi mfululizo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, hawakupata nafuu ya maana katika kutaja wala katika kusoma. Kasi ya kutaja ni kama dirisha la kuchungulia: huonyesha yaliyomo, na kusugua kioo hakupangi chumba.

Kinachosaidia ni kufanyia kazi kusoma kwenyewe. Njia iliyojaribiwa kwa muda mrefu ni kusoma kwa kurudia, iliyoelezwa na S. Jay Samuels wa Marekani mwaka 1979. Mtoto husoma kifungu kifupi, cha mistari sita au minane, kinacholingana na uwezo wake. Hukisoma tena, na tena, mara tatu au nne, mbele ya mtu anayemsikiliza bila kumkatiza. Katika kurudia, maneno yaliyokuwa ya kuunganishwa huanza kutambulika kwa mkupuo, na sehemu ya wepesi huo huhamia kwenye vifungu vipya vyenye maneno yaleyale. Kwa Kiswahili ni busara kuongeza mazoezi ya vipande vinavyojirudia kila sentensi, kama *ana-, wana-, nita-, hatu-, -lipo-, -kapo-*, hadi mtoto avione kama kitu kimoja badala ya silabi mbili za kuunganisha upya kila mara. Maryanne Wolf alikwenda njia pana zaidi, akiunganisha sauti, maana, matumizi na sarufi ya neno moja katika somo moja, kwa hoja kwamba neno linalojulikana kwa pande nyingi huitika upesi likiitwa.

Vitabu vinahitajika, na hapo ndipo penye tatizo la kweli. Mtoto mwepesi huweza kusoma na kitabu kimoja kinachogawanywa kwa wanafunzi watano, kwa sababu huliona neno mara chache na kulishika. Mtoto mzito anahitaji kuliona mara nyingi zaidi, na ndiye hukaa pembeni mwa dawati ambako kitabu hakifiki.

Mambo mengine ni ya mwalimu kuamua bila gharama. Mtoto huyu asisimamishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa kifungu asichokiona kabla. Apewe jana yake akifanyie mazoezi. Asipewe mazoezi yenye urefu uleule na wenzake ikiwa kinachotafutwa ni kujua ameelewa nini. Katika hesabu za mafumbo, asomewe swali, maana asiposomewa, alama inayoandikwa kwenye daftari la hesabu huwa ni ya kusoma. Na pale kanuni zinaporuhusu, aongezewe muda wa mtihani. Muda huo haumpi jibu asilolijua. Unamwezesha kufika kwenye maswali ya ukurasa wa mwisho.